Usichome Sufu Hiyo

Mwaka ambao mnunuzi aliikataa sufu yetu, tulikuwa na magunia sita yamepangwa barazani. Alifungua la kwanza tu. Akazamisha mkono hadi kiwikoni, akatoa konzi moja, akaitazama: manyoya ya mgongoni yamechanganyika na ya tumboni, vijiti, mbegu za kishona nguo, na mavi yaliyokauka kama shanga. Akajifuta mikono kwenye suruali, akasema kwa bei ya mwaka huo mzigo kama ule haulipi hata mafuta ya gari. Hakutukana wala hakubishana. Aliwasha gari akateremka kuelekea Naivasha, sisi tukabaki na magunia yetu.

Mama akaamua yachomwe, maana viazi vilikuwa karibu kuvunwa na ghala lilihitajika. Nikakokota gunia moja hadi kwenye shimo la taka, nikalimwagia mafuta ya taa, nikawasha kiberiti. Mafuta yaliwaka, yakaisha, na moto ukaisha nayo. Sufu ilijikunja, ikatoa vipovu kama sukari inayoungua, ikawa ganda jeusi, ikazima. Nilipochokoa kwa fimbo, chini ya lile ganda manyoya yalikuwa meupe vilevile. Nikawasha tena. Moshi mzito ukatambaa uani, na Cucu, yaani bibi yangu, akatoka jikoni ameziba pua kwa ncha ya leso.

"Nani anachoma nywele huko?"

"Si nywele, Cucu. Ni manyoya ya kondoo."

"Na nywele ni nini?"

Swali lile sikulijibu siku hiyo, lakini ndilo lililonifikisha hapa. Sufu, nywele, kucha, pembe na manyoya ya kuku vimejengwa kwa protini ya jamii moja, keratini. Ndani yake mna salfa, ndiyo harufu iliyomtoa Cucu jikoni. Mna naitrojeni nyingi pia, karibu asilimia 16 ya uzito wa sufu safi iliyokauka. Na haishiki moto kirahisi: inahitaji joto la nyuzi 570 hadi 600 za Selsiasi ndipo iwake, na ukiondoa ule moto wa nje huzimika yenyewe. Nilikuwa nimesimama juu ya shimo nikijaribu kuangamiza mbolea, blanketi na kizuizi cha baridi kwa pamoja, tena huku Kinangop, mahali ambapo asubuhi za Julai sakitu hulala juu ya majani ya viazi.

Cucu alizijua sufu kuliko sote nyumbani. Alipokuwa msichana, kabla mashamba ya walowezi hayajagawanywa miaka ya 1960, alifanya kazi kwenye banda la kunyolea kondoo. Hakuwa akinyoa, hiyo ilikuwa kazi ya wanaume. Kazi yake ilikuwa mezani. Manyoya ya kondoo mzima yalitupwa juu ya meza ya fito, yakatanda kama shuka, na wasichana wanne walizunguka pande zote wakichomoa kingo: tumbo, miguu, makalio, shingo. Kilichobaki katikati kilikunjwa na kufungwa peke yake. Siku ile ya moshi aliangalia magunia yaliyosalia, akaingiza mkono kama alivyofanya mnunuzi, akatikisa kichwa.

"Mami, hamkutenga. Hapa mmechanganya nguo na taka."

Nimejaribu mambo mengi na sufu tangu siku hiyo, na yote yanarudi kwenye neno hilo la kutenga. Kondoo mmoja hazai sufu ya aina moja. Ya mabegani na mbavuni ni ndefu, laini na safi, hiyo ndiyo ya uzi. Ya mgongoni imepigwa na jua na mvua, ncha zake hukatika, lakini inafaa kujazia mito na magodoro. Ya mapajani ni nene na ngumu, inafaa zulia. Ya tumboni, miguuni na makalioni imeshikana na uchafu, nayo ina kazi yake shambani. Ukizichanganya zote kwenye gunia moja umeharibu tatu ili kuibeba moja.

Kwa hiyo siku hizi tunanyoa Januari, jua likiwa kali, juu ya turubai iliyofuliwa. Kondoo wanalala njaa usiku wa kuamkia siku hiyo ili wasichafue. Wakiwa wamelowa na umande hatuwagusi mpaka wakauke, maana sufu mbichi iliyofungwa na unyevu huota ukungu. Wetu ni Corriedale, mbegu iliyopatikana New Zealand katika karne ya 19 kwa kuchanganya Merino na Lincoln. Kondoo mmoja hunipa kilo 3 hivi akiwa ameshiba mwaka mzima. Baada ya kuosha hubaki kilo 2 au chini yake, kwa sababu uzito mwingine wote ulikuwa mafuta, jasho na vumbi.

Nianze na ile ya tumboni, kwa sababu ndiyo inayotupwa na wengi.

Wakulima wa viazi huku wanaijua mbolea ya DAP kwa jina na kwa bei. Gunia la DAP lina asilimia 18 ya naitrojeni. Sufu kavu safi ina karibu 16. Samadi ya ng'ombe iliyokauka mara nyingi haifiki hata asilimia 3. Sisemi sufu itachukua nafasi ya DAP, maana haina fosforasi ya kutosha na kazi yake ni ya polepole mno. Vijidudu vya udongoni huitafuna kwa miezi, wakati mwingine zaidi ya mwaka. Lakini kwa mti wa matunda au sukuma wiki inayokaa shambani muda mrefu, huo upole ndio faida. Nilichimba mashimo ya miparachichi, nikaweka konzi nne za sufu chafu chini, udongo na samadi juu yake, kisha mche. Mwaka uliofuata nilipofukua pembeni ya mti mmoja, nilikuta mizizi myembamba imeingia ndani ya ile sufu na kuifunga kama wavu. Sufu yenyewe ilikuwa imegeuka rangi ya chai, inakatika kwa kidole.

Juu ya udongo pia inafaa. Ukiitandaza unene wa vidole viwili kuzunguka miche, inazuia magugu na inashika maji. Sufu hunyonya unyevu hadi karibu theluthi ya uzito wake kabla mkono haujahisi kuwa imelowa, kisha inauachia taratibu jua likiwaka. Katika bustani yangu ya jikoni, matuta yenye sufu nilimwagilia mara mbili kwa juma wakati yale mengine yalidai maji kila jioni. Kuhusu koa na konokono, wapo wanaoapa kuwa hawaikanyagi. Kwangu walikaa mbali wiki mbili au tatu, lakini mvua ilipoilaza wakapita juu yake. Jambo moja la kuangalia ni ndege. Sufu ndefu iliyoachwa wazi huokotwa kujengea viota na huweza kunasa miguu ya vifaranga, kwa hiyo ninaikata fupifupi kwa makasi kisha ninaipigia udongo kidogo juu.

Sasa ile ya mabegani, ambayo lazima ioshwe.

Jaribio la kwanza la kuosha nililifanya na shangazi yangu, mwanamke anayefua nguo kwa bidii kuliko mtu yeyote ninayemjua. Aliiweka kwenye karai la maji ya moto, akatia sabuni ya unga, akasugua kama anavyosugua kola ya shati, kisha akaisuuza kwa maji baridi ya bomba. Tulichotoa kilikuwa kitu kama mkate wa ngano, kigumu, hakichambuki. Tulisikitika wote wawili, ilikuwa sufu nzuri. Nilichokuja kuelewa baadaye ni kwamba kila unyuzi wa sufu umefunikwa na magamba madogo kama ya samaki. Joto na unyevu huyainua, msuguano huyafungamanisha, na maji yakibadilika ghafla kutoka moto kwenda baridi ndiyo kabisa. Yakishikana hayaachani tena. Kitambaa kinachotokana na kushikana huko huitwa felti, na wafugaji wa Mongolia hufunika nacho nyumba zao za kuhamahama. Shangazi alikuwa ametengeneza felti bila kukusudia.

Siku hizi ninaosha hivi. Kwanza ninailoweka usiku mzima kwenye maji ya mvua yaliyo baridi, bila sabuni. Maji hutoka ya kahawia kama chai ya rangi, kwa sababu jasho la kondoo ni chumvichumvi yenye potasiamu nyingi na huyeyuka kwenye maji matupu. Hayo maji simwagi. Nayazimua kwa maji mara kumi na kuyapeleka kwenye vitunguu. Kisha ninachemsha maji mengine hadi yawe ya moto kiasi kwamba mkono hauvumilii, nyuzi 60 hivi, ninatia sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, ninaikoroga kabla sufu haijaingia, kisha ninaishusha sufu ndani ya mfuko wa neti ya vitunguu na kuiacha dakika ishirini. Siigusi. Mafuta ya sufu huyeyuka karibu na nyuzi 40, kwa hiyo maji ya vuguvugu hayayatoi. Na ukiyaacha yapoe sufu ikiwa bado ndani, mafuta yanairudia na kuganda upya, mabaya kuliko mwanzo. Ninainua mfuko, ninauacha uchuruzike, ninaurudisha kwenye maji mengine yenye moto uleule. Mara mbili za sabuni, mara mbili za kusuuza. Kisha juani, juu ya wavu wa waya, na upepo unapita chini.

Ikikauka inainuka. Sijui namna bora ya kulieleza hilo. Kile kitu kilichokuwa kizito na cha kunata, saa nane mchana kimejaa hewa, ukikibana mkononi kinarudi chenyewe, na kina harufu ya kitu kama maziwa na nyasi kavu.

Si lazima uwe na gurudumu la kusokotea ili uitumie. Matumizi ninayoyapenda kuliko yote hayataki hata sindano. Tunakamua saa kumi na moja alfajiri, na anayevaa gambuti kwenye baridi ile anajua vidole vinavyokufa ganzi. Chukua sufu iliyooshwa, ichambue kwa vidole kama unavyochambua pamba, ipange kwa tabaka ndani ya gambuti, moja kwa urefu, nyingine kwa upana, mpaka ijae kiasi cha mguu kuingia kwa kusukuma. Vaa soksi, tembea. Siku ya kwanza inasumbua, inajikusanya kwenye kisigino na lazima uitandaze upya. Siku ya tatu imeanza kulala. Baada ya wiki moja unachomoa kipande kimoja cheupe chenye alama ya kisigino na vidole vyako vitano: uzito wako, joto na jasho la mguu vimefanya kazi ileile ya mikono ya shangazi kwenye karai. Hicho ni kitambaa, na kimefumwa na kutembea kwako. Na miguu haigandi tena, kwa sababu sufu inapopokea unyevu hutoa joto kidogo, wakati soksi za nailoni hulowa na kupoa. Kijana anayetusaidia kukamua alichukua pea yake akampelekea baba yake, naye mzee akatuma ujumbe kuomba nyingine ya viatu vya kanisani.

Wanaotaka kusokota wana pa kujifunzia. Nanyuki, chini ya Mlima Kenya, kuna kikundi cha wanawake wafumaji kilichoanza mwaka 1977 ambacho bado kinasokota kwa mkono, kinapaka rangi za mimea na kufuma mazulia. Mimi nilianza kwa kijiti chenye kisahani cha mbao, mfano wa pia ya kuchezea watoto, na uzi wangu wa mwanzo ulikuwa mnene hapa na mwembamba pale. Cucu aliufuma hivyohivyo ukawa mdomo wa kiondo, akasema kiondo hakiulizi.

Rangi ziko shambani. Mubangi, yale magugu yenye harufu kali yanayoota kila mahali baada ya kuvuna viazi, hutoa njano. Maganda ya vitunguu hutoa njano iliyokolea hadi rangi ya machungwa. Maganda ya muthanduku, mti uleule tunaochoma makaa, hutoa kahawia ya udongo. Lakini rangi haikai bila shabu, ile inayotumika kutulizia maji machafu. Gramu 10 hadi 15 za shabu kwa kila gramu 100 za sufu kavu, inachemshwa nayo taratibu kwanza, ndipo iingie kwenye rangi. Niliwahi kuuruka mchakato huo kwa haraka zangu, na skafu ya njano ikawa nyeupe baada ya kufuliwa mara mbili.

Hapa niseme jambo kuhusu maneno, kwa sababu huwa naulizwa. Ukisikia Tanga au Zanzibar mtu anasifu mto wa sufi, hasemi habari za kondoo. Ile ni pamba ya mti wa msufi. Maneno yote mawili, sufi na sufu, yametoka kwenye Kiarabu suf, lakini yalipofika pwani moja lilipanda juu ya mti na jingine likabaki mgongoni mwa mnyama. Mto wa sufi ni mwepesi na baridi, unafaa joto la pwani. Wa sufu ni wa huku kwetu.

Chumba cha Cucu kina paa la mabati na dari ya mbao nyembamba. Asubuhi za baridi mvuke wa pumzi ulikuwa unagandamana chini ya bati na kudondoka juu ya dari, tone baada ya tone, mpaka mbao zikaota madoa. Tulipanda juu tukatandaza sufu iliyooshwa ya mgongoni, unene wa kiganja kilichosimama, dari yote. Ilikula kondoo kumi na wanne. Matone yalikoma, kelele za mvua zikapungua hadi akaanza kusikia redio yake, na blanketi moja kati ya matatu aliyokuwa akijifunika lilirudi kabatini. Tatizo ni nondo. Viwavi vyake hula keratini, na hupenda giza na sufu yenye uchafu. Kwa hiyo juu ya dari usiweke sufu mbichi hata kidogo, na hiyo safi inyunyizie maji yaliyoyeyushiwa boraksi, ikauke kabisa kabla ya kupanda nayo. Watu wa chini bondeni huweka majani ya leleshwa kwenye nguo. Nimeyaweka pia, harufu yake ni nzuri, lakini jua na kukung'uta kila baada ya miezi michache ndivyo ninavyoviamini. Na panya akipata njia atajenga humo. Tuliziba matundu yote kwa wavu wa waya, na bado ninapanda kuangalia.

Yale mafuta ya sufu, lanolini, yanapatikana hata kwenye jiko la kuni. Chemsha sufu mbichi kwenye maji yenye chumvi saa mbili tatu, chuja, acha maji yalale usiku. Asubuhi kuna utando wa manjano juu, mgumu kidogo kama nta. Ni kidogo, kilo nzima ya sufu hunipa vijiko vichache. Ninapaka makasi ya kunyolea na panga, hazishiki kutu. Ninapaka visigino vilivyopasuka na viatu vya ngozi. Viwandani mafuta hayo husafishwa na kuwekwa kwenye krimu, na kutokana nayo hutengenezwa vitamini D3, ikiwemo inayotiwa kwenye chakula cha kuku. Lakini haya ya kwangu ya jikoni simpi mama anayenyonyesha wala simpaki mtoto, kwa sababu hayajasafishwa na dawa ya kupe hukaa kwenye mafuta hayohayo.

Hilo linanileta kwenye tahadhari mbili ambazo naomba uzichukue kwa uzito. Kondoo aliyeogeshwa dawa juzi asinyolewe leo. Soma muda ulioandikwa kwenye chupa, na sufu ya aina hiyo isiguse mboga. Ya pili ni kimeta. Kondoo akifa ghafla bila sababu, hasa akitoka damu nyeusi puani au nyuma, usimnyoe, usimchune, usimpasue. Mwite daktari wa mifugo. Mbegu za ugonjwa huo huishi kwenye manyoya na udongoni miaka mingi. Huko Bradford, Uingereza, katika karne ya 19, wafanyakazi waliokuwa wakitenganisha sufu kwa mikono walikufa kwa kuvuta vumbi lake, mpaka ugonjwa ukaitwa kwa jina la kazi yao. Hata kwa kondoo mwenye afya, ninapotenga sufu kavu ninajifunga kitambaa puani na ninafanya kazi nje, upepo ukiwa mgongoni.

Majirani kadhaa wamehama Corriedale kwenda Dorper, kondoo wa nyama aliyezalishwa Afrika Kusini miaka ya 1930, ambaye manyoya yake hupukutika na hahitaji makasi. Siwalaumu, nyama ina soko la uhakika. Lakini magunia yao ya mwisho ya sufu niliyaomba kabla hayajafika shimoni, na wakanipa bure, mengine waliniletea wenyewe kwa mkokoteni.

Januari inakaribia. Turubai nimeshaifua, makasi yamenolewa na kupakwa mafuta. Fundi amenitengenezea meza ya fito, mwanya wa vidole viwili kati ya ufito na ufito ili uchafu udondoke, kwa vipimo ambavyo Cucu aliniamuru kutoka kitini kwake. Ameshachagua pia: anataka ya mabegani ya yule jike mwenye sikio lililochanika, asiguswe na mtu mpaka yeye awe mezani.